Wakili Alisema Nisimwachishe Ziwa

Kama Jumapili iliyopita hukulipata gazeti, nitakupa kwa ufupi kisha twende mbele, maana mambo yenyewe hayakunisubiri hata mimi.

Jina langu Mwikali. Nilikuwa mpiga taipu katika ofisi ya Bwana Kamande mjini Malindi, iliyokuwa ikiuza viwanja na mashamba ya pwani. Siku moja aliniletea hati ya shamba la Sabaki, akaniambia nitie sahihi kuwa nimemwona mwenye shamba akitia kidole gumba. Sikumwona. Nikatia. Kumbe mwenye shamba alikuwa kaburini mwaka mzima. Wanawe walipokwenda polisi, Bwana Kamande alisema yeye hajui lolote, mambo ya karatasi ni ya mwandishi wake. Yeye akawa shahidi wa serikali, mimi nikawa mshtakiwa.

Nilikuacha pale hakimu wa Kilifi aliposema nina hatia.

Basi sikufungwa siku ile. Hakimu alisema anataka ripoti ya ofisa wa probesheni, yule achunguzaye maisha ya mshtakiwa, kabla ya kutoa adhabu, akaniachia dhamana yangu kwa wiki mbili. Watu wakanipa mkono na kunipongeza, kana kwamba nimeshinda.

Wakili wangu, Bwana Ochola, alinivuta kando nje ya korti. Nilikuwa nimembeba binti yangu Salha, wa mwaka na nusu, naye alikuwa akitafuta ziwa katikati ya vifungo vya blauzi yangu.

"Bado ananyonya?" Ochola akauliza.

"Bado."

"Vizuri. Vizuri sana. Usimwachishe."

Nilidhani ananipa shauri la afya.

"Sikiliza, Mama Salha," akasema. "Kesi tumeshindwa. Kilichobaki ni huruma. Hakimu huyu si mtu mbaya, naye ana watoto. Mtoto ananyonya, baba yuko Uarabuni, hakuna jamaa wa kumwachia. Akiyaona hayo kwenye ripoti, huenda akakupa kifungo cha nje. Lakini lazima yote matatu yawepo."

"Ananyonya, kweli. Babake yuko Maskati, kweli. Lakini jamaa ninao. Mavyaa yangu yuko pale Shela, Malindi."

"Mama mkwe wako. Ni mgonjwa?"

"Ni mzima kuliko mimi na wewe."

Ochola akatazama viatu vyake.

"Basi ofisa akija," akasema, "ingefaa awe mgonjwa."

Nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Kisumu Ndogo, hapo hapo Malindi. Mlango wa pili alikaa Mbeyu, mama wa Kigiriama aliyekuwa akikaanga mihogo barazani. Mbeyu aliwahi kufungwa kwa kuuza tembo la mnazi bila leseni, na hakuwa akilificha hilo. Tangu kesi yangu ianze alikuwa akinitazama kama mwalimu anayemtazama mtoto asiyefanya kazi ya nyumbani.

"Umejiandaa?" akaniuliza siku ile ile.

"Wakili anasema huenda nisiende."

"Wakili hajalala kule. Mimi nimelala. Keti."

Nikaketi.

"Usiende na nguo unayoipenda. Itawekwa stoo, utaipata ina ukungu. Nywele zikate mwenyewe, usingoje kukatwa. Na siku ya kwanza usimsimulie mtu kesi yako. Kila aliye mle ndani ameonewa, wamechoka kusikia. Ukiulizwa, sema 'karatasi', halafu nyamaza."

"Na mtoto?"

Mbeyu aliepua mihogo yote karaini kabla ya kunijibu.

"Akiwa chini ya miaka minne waweza kwenda naye. Nilikuwa na mwenzangu wa Taveta, mwanawe alizaliwa mle. Asubuhi tukihesabiwa tunachuchumaa wawili wawili. Na yule mtoto alikuwa achuchumaa. Hakuna aliyemfundisha. Hata akicheza peke yake, akisikia funguo zalia, achuchumaa."

Nikamtazama Salha. Alikuwa amekaa mchangani, anatia kokoto ndani ya kiatu changu.

"Mwachishe ziwa sasa," Mbeyu akasema. "Ukingoja siku ya kukamatwa, mtaumia nyote wawili, na hamtaonana. Mwachishe akiwa akuona."

Akaingia ndani, akatoka na kipande cha shubiri ya kupaka ziwani, kimefungwa kwenye karatasi.

"Wakili amesema nisimwachishe," nikamwambia.

"Huyo wakili ana maziwa?"

Nikaipeleka ile shubiri juu ya kabati. Mimi niliyefaulu mtihani wa taipu na hatimkato, nikawa sijui mwanangu anyonye au asinyonye.

Kesho yake nilikwenda Shela kwa Bi Hindu, mamake mume wangu Jaafar.

Bi Hindu asili yake ni Faza, kule Lamu. Jaafar alipomwambia anaoa Mkamba, tena Mkristo, majirani walingoja kusikia kishindo. Hawakusikia. Alinipokea kwa mikono miwili, na tangu siku ile hakuwahi kunitupia neno. Ndiyo maana niliona ombi langu litapita.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Mlete mjukuu wangu."

Akampakata Salha, akamfuta jasho shingoni kwa ncha ya leso. Kisha akanionyesha ukumbini. Kulikuwa na kitanda kidogo cha kamba, kipya, bado kinanuka mbao.

"Fundi kanimalizia jana," akasema. "Kimemfaa?"



"Mama, nina ombi."

"Sema, mwanangu."

"Atakuja mtu wa serikali kuuliza habari zangu. Naomba umwambie huwezi kumlea Salha. Sema miguu yakuuma. Au sema una presha."

"Mimi sina presha."

"Najua, mama. Ni kusema tu."

Bi Hindu akanionyesha mikono yake.

"Nimetoka kwenye msala sasa hivi, hata maji ya udhu hayajakauka. Wataka niketi na mtu nimwambie uongo?"

"Ni uongo wa kunitoa jela."

"Mwanangu," akasema, na sauti yake haikupanda, "wewe umeingia katika haya kwa kusema umeona usiloliona. Sasa wataka nami niseme nina nisichokuwa nacho?"

Alikuwa amesema kweli. Na mtu akiambiwa kweli, hukasirika.

"Sema tu unamtaka mtoto," nikamwambia. "Tangu Jaafar aondoke unamtaka. Mimi nikifungwa, wewe umepata. Hata kitanda kiko tayari."

Maneno hayo niliyasema kwa mdomo wangu. Nayaandika hapa kwa sababu nimeahidi kuandika yote.

Bi Hindu alimwinua Salha mapajani, akanirudishia.

"Nenda, mwanangu. Leo una hasira. Na Jaafar usimpelekee habari. Akisikia ataacha kazi aje, kisha tutakuwa na mtu mwingine wa kulia."

Nilirudi Kisumu Ndogo kwa miguu, nikimlaani wakili, nikilaani kitanda. Nilipofika nilimkuta mwanamke ameketi mlangoni pangu, kiondo mapajani, miguu ina vumbi mpaka magotini.

Alikuwa mamangu, Jedida, kutoka Kitui.

Sikuwa nimemwambia chochote. Kumbe binamu yangu, dereva wa lori, alipita kwetu Mutomo akatoa habari zote, na nyingine za kuongeza.

"Umekuja lini, mama?"

"Sasa hivi. Gari lilikosa feri ya mwisho pale Kilifi, tukalala kivukoni. Mtoto ako wapi?"

Nikampa. Akambusu, akamnusa kichwa, akamtia mgongoni akamfunga kwa leso. Mambo hayo yote aliyafanya bila kunitazama.

"Naenda na yeye nyumbani," akasema.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na nne. Mvua zilikuwa zimekataa Ukambani, na watu walikuwa wakipanga foleni kupata mahindi ya manjano. Mamangu hakuwahi kuja kwangu bila ndengu au kuku. Safari hii kiondo chake kilikuwa na leso na Biblia, basi. Nilikiona, naye akaona kuwa nimekiona.

"Mtamla nini, mama?" Nilikuwa nimekusudia kusema mtakula nini. Ulimi uliteleza, na hakucheka.

"Ng'ombe mmoja amebaki," akasema. "Ako na maziwa kidogo. Ni ya mtoto."

Ningekuwa mtu wa kawaida ningemkumbatia. Badala yake nilimwambia hivi: "Mama, ukionekana hapa unaniharibia kesi. Wakili anataka nionekane sina mtu."

"Huna mtu? Na mimi ni nini?"

"Ni siku moja tu. Ofisa anakuja Jumatano. Jumatano nenda kanisani, ukae huko mpaka jioni."

Alifikiri, akakubali. Mamangu akikubali jambo hulitimiza.

Ofisa alikuja Jumanne.

Aliitwa Bwana Kaingu, mtu wa Kilifi, mwembamba, mwenye adabu. Aliegemeza baiskeli yake ukutani, akavua kibanio cha suruali, akapiga hodi kama mgeni wa kawaida. Nikamkaribisha kwenye kiti changu kimoja, mimi nikaketi kitandani.

Aliuliza nilikosoma, aliuliza ndoa yangu, aliuliza kanisa langu. Nikajibu vizuri. Hata nilianza kumpenda.

"Na mtoto? Ukifungwa, una mtu wa kumwachia?"

"Sina."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja. Mama mkwe wangu ana presha, miguu haimbebi."

"Na mama mzazi?"

"Yuko Kitui. Ni mzee, na njaa ya mwaka huu imemmaliza."

Akaandika. Kalamu ilikuwa bado inatembea pale mlango ulipotiwa giza. Mamangu alikuwa ametoka bombani, amebeba debe la maji mgongoni, kamba kipajini kama tunavyobeba kwetu, na Salha amemshika sketi. Akalitua debe bila msaada wa mtu.

"Habari yako, baba," akamwambia Kaingu. "Mimi ndio mama ya Mwikali."

Kaingu akalitazama debe. Akanitazama mimi.

"Naona njaa haijammaliza sana," akasema.

Mamangu hakuelewa. Kilichomfikia ni kwamba huyu ndiye mtu wa serikali, na leo si Jumatano, na ahadi yake ilikuwa ya Jumatano.

"Mtoto nitakaa na yeye mimi," akasema. "Usiandike ati hana mtu. Nimelea saba."

Ningaliweza kuiokoa hali. Ningesema mama ni mgeni, amekuja kunisalimu tu. Nilikuwa nimefungua kinywa kusema hivyo niliposikia gurudumu la mkokoteni nje.

"Hodi hapa."

Ilikuwa sauti ya Bi Hindu.

Aliingia na buibui lake, uso umetulia, na nyuma yake mkokoteni umebeba kile kitanda kidogo cha kamba.

"Mwanangu, nimekuja tuombane radhi," akasema. "Sikulala kwa maneno ya siku ile. Na kitanda nimekileta, mtoto akizoee mapema kabla hajahamia kwangu."

"Kuhamia wapi?" mamangu akauliza.

Hawakuwa wamepata kuonana tangu arusi.

Walisalimiana vizuri sana, kwa muda mrefu, wakaulizana hali na watoto na wajukuu. Kisha vita vikaanza.

"Mtoto huyu ni wa Shela," Bi Hindu akasema. "Ndiko kwao babake."

"Babake ako Maskati," mamangu akasema. "Kitui kuna hewa safi. Huku mtoto analiwa na mbu."

"Huko kwenu kuna hewa, dada yangu, lakini hewa hailiwi. Nasikia mwala mahindi ya manjano."

"Tunakula. Na bado hatujazika mtoto."

"Sikusema hivyo."

"Wewe uko na nguvu ya kubeba mtoto? Mimi nimebeba hili debe kutoka bombani."

"Mimi huamka alfajiri nikafagia ua mzima, kisha nikafua. Muulize mtu yeyote Shela. Sijapata kumeza hata dawa ya kichwa."

Bwana Kaingu alikuwa akiwageukia mmoja mmoja. Kalamu haikupumzika. Mimi nilikuwa nimeketi kitandani, nimeishika mikono yangu, nikiwasikiliza wanawake wawili wanaonipenda wakinifunga.

Mwishowe alifunga daftari lake, akasimama.

"Dada," akaniambia, "wengi ninaowatembelea hawana hata mtu wa kuwapelekea sabuni. Wewe una wazee wawili wanampigania mtoto. Mshukuru Mungu."

"Itanisaidia?"

"Itamsaidia mtoto." Akakitia kibanio kwenye suruali. "Na lile uliloniambia, kuwa huna mtu, itabidi niliandike pia. Samahani."

Akapanda baiskeli, akaenda zake.

Wale wawili wakanigeukia. Ugomvi ulikuwa umekwisha ghafla, kama mvua ya Malindi.

"Tumesema vizuri?" mamangu akauliza.

Niliingia ndani, nikafunga mlango, nikachukua shubiri juu ya kabati.

Kama hoja imekufa, kwa nini niendelee kunyonyesha? Wakili alitaka ziwa kwa ajili ya ripoti, na ripoti ilikuwa imekwenda na baiskeli. Mbeyu alikuwa na haki. Nikailoweka, nikajipaka. Uchungu wake niliusikia mpaka puani.

Salha alikuja jioni kama kawaida yake, akapanda mapajani, akafungua vifungo mwenyewe. Akatia mdomo. Akatoa. Hakulia. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, kama mteja aliyeuziwa kitu kibovu na duka analoliamini. Akajaribu upande wa pili. Huko nako nilikuwa nimepaka.

Hapo ndipo alipolia.

Mamangu alikuja mbio, Bi Hindu nyuma yake, kwani alikuwa bado hajaondoka. Walipojua nilichofanya walinikasirikia wote wawili.

"Bila kutuuliza?" Bi Hindu akasema.

"Wakati hata maziwa ya ng'ombe hajazoea?" mamangu akasema.

Wakamchukua, wakatoka naye nje. Nikawasikia barazani wakipatana. Salha atakaa Shela mpaka mvua zirudi Ukambani, kisha atakwenda Kitui, kisha watatazama. Kila mmoja alimpa mwenzake haki yake. Walipatana vizuri kama madiwani. Mimi sikuulizwa.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Salha alikuja tena, akanusa, akarudi. Baadaye hakuja kabisa. Alijifunza kunywa kwa kikombe mkononi mwa mamangu na kulala ubavuni pake. Mimi maziwa yalinijaa mpaka nikashindwa kuinua mikono. Mbeyu alinifunga kifua kwa leso, akakaza kwa goti, akaniambia nisiyakamue, yatakauka yenyewe.

"Umefanya vizuri," akasema. "Hapo tayari umefunga nusu ya kifungo."

Nikakata nywele. Nikachagua gauni nisilolipenda. Jaafar sikumpelekea habari, nikamwacha Maskati akidhani mkewe yuko kazini anapiga taipu.

Siku ya hukumu tulikwenda Kilifi wote wanne, pamoja na Mbeyu aliyefunga biashara yake. Ochola alikuwa akinisubiri mlangoni, ripoti kwapani. Alikuwa ameisoma. Niliona usoni.

"Umemdanganya ofisa," akasema.

"Uliniambia mwenyewe."

"Nilikuambia ingefaa. Sikukuambia ukamatwe." Akashusha pumzi. "Haya. Tumebaki na moja la maana. Nitasimama niseme mtoto ananyonya."

"Nimemwachisha."

"Lini?"

"Baada ya ofisa kuja."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nilikupa kazi moja, Mama Salha. Kazi ya kutofanya kitu." Kisha akasema polepole, "Hakuna atakayejua. Nitasema ananyonya."

Nilichoka. Sijui kukueleza vingine. Nilichoka na kusema kitu kwa sababu kitafaa. Kwa sababu kitafaa niliwahi kumwona maiti akitia kidole gumba.

"Usiseme," nikamwambia. "Ukiulizwa, sema ameacha."

Akainua mabega.

Kesi yangu iliitwa kabla ya saa sita. Nikapanda kizimbani. Ochola alizungumza vizuri: sijawahi kushtakiwa, nilikuwa mwajiriwa, nilitumwa. Hakimu alikuwa akifunua ripoti.

"Hapa nasoma kuwa mtoto ana mabibi wawili walio tayari kumlea," hakimu akasema. "Na nasoma kuwa mshtakiwa alimwambia ofisa kuwa hana mtu. Mtoto bado ananyonya?"

Ochola akanitazama. Nikatikisa kichwa.

"Ameachishwa, Mheshimiwa."

Hakimu akaandika. Na hapo, nyuma ya korti, Salha akaanza kulia.

Alilia kwanza kidogo. Mamangu akambembeleza. Bi Hindu akampokea, akamrusharusha. Kilio kikapanda. Kiongozi wa mashtaka alikuwa amesimama kusema lake, akasema maneno mawili, akanyamaza, hakusikika. Askari akaelekea kuwatoa nje.

"Mpeni mamake amnyamazishe," hakimu akasema. "Tuendelee."

Wakanipa juu ya ukingo wa kizimba. Nilimpokea kama unavyompokea mtoto yeyote. Sikuwa na nia. Asubuhi ile nilikuwa nimeoga, sikujipaka kitu, maana nilijua vita vimekwisha. Lakini aliponiegemea, maziwa ambayo Mbeyu alisema yatakauka yalitoka yenyewe, yakalowesha gauni. Salha akanyamaza. Akanusa. Akatia mkono, akakipata kifungo, akakifungua.

Akanyonya.

Watu waligeuza nyuso. Wengine hawakugeuza. Mimi nilisikia maumivu ya siku zote zile yakishuka pamoja na maziwa, na machozi yakaja, na nilijua kabisa yanavyoonekana.

Kiongozi wa mashtaka alikuwa bado amesimama.

"Mheshimiwa," akasema, "mshtakiwa alimwambia ofisa hana jamaa, na jamaa wake hao hapo. Sasa hivi wakili wake ameiambia korti mtoto ameacha kunyonya, na mtoto huyo ananyonya mbele ya macho yetu. Naomba korti ijiulize kama mama huyu amepata kusema jambo moja la kweli."

Siku niliyokataa kudanganya ndiyo siku niliyoonekana mwongo zaidi. Ochola alitazama karatasi zake. Hata angesema, nani angemwamini?

Hakimu hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisoma kwa sauti ya kawaida, kwamba hati za ardhi ni uhai wa watu, kwamba sahihi ya shahidi ni kiapo, kwamba amezingatia mtoto ana watu wema wa kumtunza.

"Miezi kumi na minane," akasema.

Nilisikia Mbeyu nyuma akisema "Aa" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyejikwaa. Salha aliendelea kunyonya.

Karani akaleta hati ya kifungo. Hakimu akachukua kalamu, kisha akasita.

"Mtoto hajafikisha miaka minne. Sheria inakuruhusu kwenda naye. Nataka iandikwe hapa. Anakwenda, au anabaki?"

Kabla sijajibu, Bi Hindu alisimama. Hakuomba ruhusa.

"Mheshimiwa, nisamehe. Aende na mamake. Mtoto amerudi ziwani, nimeona kwa macho yangu. Mimi siwezi kumtoa pale."

Huyu ndiye aliyeniambia hawezi kusema ana asichokuwa nacho. Kitanda chake kilikuwa kimekwisha kurudishwa ukumbini kwake, kikingoja.

Mamangu akamshika buibui kumvuta chini. "Hapana. Abaki. Tulisema abaki. Mtoto haendi mahali kama hapo."

"Dada yangu, mtazame."

"Namtazama. Abaki."

"Nyamazeni," askari akasema.

Hakimu akagonga meza. "Sikuwauliza nyinyi. Namwuliza mama wa mtoto."

Ochola akaja karibu na kizimba. "Sema anabaki," akaninong'oneza. "Tukikata rufaa itaonekana vizuri." Nilitamani kumpiga kofi.

Askari wa kike alikuwa amekwisha kufungua kijilango, amesimama kando, anangoja nitoke. Karani anangoja neno moja aliandike. Nikamtazama mwanangu. Alikuwa amefumba macho. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika kola ya gauni langu kwa nguvu, kama mtu aliyewahi kunyang'anywa.

"Mama?" hakimu akasema.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "naomba amalize kwanza."

Akanitazama. Akaweka kalamu chini.

Korti nzima ikanyamaza, ikamngoja Salha.